Kijapani cha kale sio kimoja: sungura wa kwenye wimbo, samurai wa kwenye anime, na sheria zilizogoma kubadilika

Kuna wimbo wa shule huko Japani unaitwa Furusato, yaani kwetu nilikozaliwa, ulitoka kwenye vitabu vya kuimbia vya shule ya msingi mwaka 1914 na mpaka leo karibu kila Mjapani anaujua. Mstari wa kwanza unasema usagi oishi kano yama. Usagi ni sungura, yama ni mlima, kano ni ule. Sasa hiyo oishi ya katikati ndo imeleta vituko miaka yote hii, manake watoto wanasikia oishii, neno la kila siku la kusifia chakula kitamu, kwahiyo kichwani wanaimba kwamba sungura wa mlima ule ni watamu, na wengine wanakua na hiyo imani mpaka wanaoa. Kumbe maana yenyewe ni "mlima ule tulipokuwa tukikimbiza sungura". Oi ni kukimbiza, shi ni alama ya wakati uliopita, na hiyo shi imeshakufa kwenye maongezi, humsikii mtu anaitumia akiongea na simu.

Watoto kukosea ni kawaida, wala sio ishu. Kinachonishangaza mimi ni kwamba hata hiyo 1914 yenyewe hakuna mtu aliyekuwa anaongea hivyo. Mzazi wa 1914 akimsimulia mwanae habari za kukimbiza sungura alimalizia kitenzi kwa -ta, sawasawa na wanavyofanya leo. Wimbo ulikuwa mpya kabisa, ila lugha yake ilikuwa ya kale tangu siku ya kwanza.

Hapo ndo watu wengi tunachanganya madesa. Ukisikia "Kijapani cha kale" unadhani ni lugha moja waliyoongea mababu, alafu ikabadilika taratibu mpaka ikawa hii ya leo. Kiukweli chini ya hilo jina kuna vitu vitatu ambavyo havina hata undugu wa karibu: kuna lugha ya kuandikia iliyogandishwa karne na karne, kuna usemi wa enzi za samurai ambao wengi wetu tumeujua kupitia anime, zile katuni za Kijapani, na kuna maneno yaliyokufa juzi tu, ya enzi za wazee wetu. Mjapani mwenyewe ana majina tofauti: neno la kale la kwenye vitabu ni kogo, na neno lililopitwa na fasheni ni shigo, "neno lililokufa". Ukiyatia yote kapu moja huelewi kitu.

Tuanze na hiyo ya kuandikia, manake ndo nzito. Inaitwa bungo. Mzizi wake ni lugha ya jumba la mfalme huko Kyoto kwenye enzi ya Heian, kuanzia 794 mpaka 1185. Mwaka 1000 hivi wanawake wa jumbani, akina Murasaki Shikibu na Sei Shōnagon, waliandika kwa Kijapani chenyewe wakati wanaume wasomi wanajitutumua na Kichina, na maandishi yao ndo yakaja kuwa kipimo cha Kijapani kizuri. Alafu midomo ya watu ikaendelea na safari zake, mkono wa kuandika ukabaki palepale. Ilivyofika mwaka 1850 mtu anaongea lugha moja sokoni, akishika brashi anaandika kwa sarufi ya miaka mia nane nyuma.

Tofauti kubwa iko kwenye mikia ya vitenzi. Leo Kijapani kina mkia mmoja wa jambo lililopita, -ta, basi. Bungo ilikuwa nayo sita: ki, keri, tsu, nu, tari na ri. Vitabu vya shule vinafundisha kwamba ki ni ya jambo ulilolishuhudia mwenyewe, keri ni ya ulilosikia au ambalo ndo unaling'amua sasa hivi, tsu na nu zinasema jambo limekwisha, tari na ri zinasema jambo limetokea na hali yake bado ipo. Sisi wenye -li-, -me- na -mesha- hatupati tabu sana kuelewa kwanini mtu atake mikia mingi hivyo. Wajapani ndo wanaoteseka nayo darasani, manake hao sita walikufa wote akabaki tari peke yake, tena amekatwa mkia, na ndo huyo -ta wa leo.

Mbaya zaidi ni pale mkia mmoja una sura mbili. Chukua nu. Sakinu maana yake "limechanua". Sakanu maana yake "lisilochanua". Herufi moja tu, i ikiwa a, na ua limekataa kuchanua! Siri ni kwamba nu ya kukamilika inashika shina la kitenzi linaloishia na i, na nu ya kukanusha inashika lile la a. Haya, sasa kuna vitenzi ambavyo mashina yote mawili yanafanana, mfano kutiririka, ambacho kwa vyovyote vile kinatoka nagarenu. Unajuaje? Unaangalia imekaa wapi. Ikiwa mwisho wa sentensi, maji yametiririka na yamekwenda, kwasababu ukanushi wa mwisho wa sentensi ungekuwa nagarezu. Ikiwa mbele ya nomino, nagarenu mizu, hayo ni maji yasiyotiririka, kwasababu ile ya kukamilika mbele ya nomino ingebadilika kuwa nagarenuru. Wanafunzi wa sekondari Japani wanasoma haya kama somo la lazima, kobun, na ukitaka kumkera mtu mzima wa huko muulize kama anakumbuka jedwali la nu.

Kingine kilichokufa ni mtindo ambao ukitia neno la kusisitiza katikati ya sentensi basi kitenzi cha mwisho lazima kibadilike sura kulifuata. Wimbo wa mahafali wa mwaka 1884, Aogeba tōtoshi, una maneno ima koso wakareme. Ima ni sasa, koso ni msisitizo, na kwasababu ya hiyo koso kitenzi ambacho kingekuwa wakaremu, "tuachane", kimegeuka kuwa wakareme. Bahati mbaya Kijapani cha leo kina neno wakareme, mahali njia inapogawanyika, kwahiyo vizazi na vizazi vya wahitimu vimelia machozi ukumbini vikidhani wanaimba habari za njia panda. Maana haijaharibika sana hapo, nakubali, ila sarufi imepotea yote.

Swali la msingi ni kwanini waling'ang'ania muda wote huo, na jibu langu ni rahisi: bungo ilikuwa cheti. Ukiandika bungo umesoma, ukiandika unavyoongea we ni mtu wa mtaani. Mabadiliko yalianza kwenye riwaya, Futabatei Shimei alianza kutoa Ukigumo mwaka 1887 kwa lugha iliyo karibu na ya kuongea na inahesabiwa ndo riwaya ya kwanza ya kisasa ya Kijapani, magazeti yakafuata kwa kujivuta, serikali ikawa ya mwisho kabisa.

Na serikali ilivyochelewa iliwagharimu watu siku ambayo walihitaji kuelewa kuliko siku zote. Tarehe 15 Agosti 1945 saa sita mchana mfalme Hirohito alisikika redioni, raia wanasikia sauti yake kwa mara ya kwanza maishani, kuwaambia vita imeisha. Sentensi yenye habari yenyewe ilisema kwamba ameiagiza serikali yake kuzijulisha Bei Ei Shi So, nchi nne hizo, kuwa wanakubali tamko lao la pamoja, na ikaishia na tsūkoku seshimetari. Ichambue hiyo. Tsūkoku ni kujulisha, neno la kiofisi lenye asili ya Kichina. Se ni kufanya. Shime ni kufanyisha. Tari ni mkia wetu wa "imeshafanyika". Nchi nazo zimekatwa, kila moja imebaki herufi moja: Marekani, Uingereza, China, Usovieti. Neno kushindwa halimo, neno kujisalimisha halimo, na tamko linalotajwa ni lile la Potsdam, la kuitaka Japani ijisalimishe, ambalo mkulima wa kijijini hana habari nalo. Changanya na redio inayokwaruza. Watu walisimama wameinamisha vichwa na wengi hawakujua wameambiwa nini, wengine wakadhani wanahimizwa wakaze buti, ikabidi mtangazaji baada ya hapo arudie na kufafanua.

Baada ya vita ndo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1946 kikundi cha wapigania lugha akiwemo mwandishi Yamamoto Yūzō kiliiomba serikali katiba mpya iandikwe kwa lugha ya watu, na ikawa hivyo. Katiba ya 1889 ni bungo tupu, ya 1946 unaisoma kama kitabu cha kawaida. Nachekaga kidogo kwamba tangazo la kuitoa hiyo katiba ya wananchi linaanza na chin, "mimi" ambayo ni ya mfalme peke yake. Mwaka huohuo wakarekebisha tahajia: kipepeo kilikuwa kinaandikwa te-fu-te-fu lakini kinasomwa chōchō, "leo" inaandikwa ke-fu inasomwa kyō, yote ikafutwa watu waandike wanavyotamka. Yaani karibu yote, manake vijineno vya sarufi wa, e na o waliviacha na tahajia ya kale, ndo maana ile salamu ya konnichiwa mpaka kesho inaishia na herufi ya ha na wanaojifunza wanaikosea kila siku. Herufi mbili za wi na we zikastaafishwa, ila ukiona kopo la bia ya Yebisu utakuta ile we ya kale imekaa palepale mwanzoni, kuonyesha kwamba hii bia ni ya tangu enzi hizo.

Sheria nyingine zikagoma. Sheria ya makosa ya jinai ya 1907 ilibaki kwenye bungo mpaka 1995. Sehemu tatu za kwanza za sheria ya madai, zile za mali na mikataba, zilibaki hivyo mpaka marekebisho yaliyoanza kutumika Aprili 2005, na sheria ya biashara imemaliziwa 2019. Maana yake mtu alikuwa anaweza kununua simu ya kamera mwaka 2003 na mkataba wake unatawaliwa na sarufi ya jumba la Heian.

Haya, tuje kwa wenzangu wa anime. Vijana wengi wa huku kwetu Kijapani chao cha kwanza kimetoka huko, kwahiyo wanajua sessha kwa "mimi" ya samurai, de gozaru mwishoni mwa sentensi, na omae, temee, kisama kwa "wewe". Hii haina uhusiano na bungo niliyoieleza. Hii ni lugha iliyosemwa kweli na midomo ya watu, mingi ikiwa ya enzi ya Edo, 1603 mpaka 1868, au tuseme ni kivuli chake. Gozaru lilikuwa neno la heshima la "kuwepo", na halijafa, ndo gozaimasu unayosikia kila ukiingia dukani huko.

Kisama ndo nalipenda zaidi. Kwenye anime ni tusi, jamaa anatoa macho anamwita adui kisama kabla hajamrukia. Ukiangalia herufi zake, ki ni ya thamani, sama ni mheshimiwa, yaani "mheshimiwa wa thamani", na samurai waliandikiana hivyo kwenye barua kwa adabu zote. Omae nayo ilikuwa "mbele ya mheshimiwa", leo ni ya mshkaji au ya kumdharau mtu. Temee inatoka temae, iliyokuwa "mimi" ya unyenyekevu, ikahamia kuwa "wewe", alafu ikawa wewe ya kutukana. Hata anata ya leo ilimaanisha "upande ule". Sababu ni kwamba Mjapani anakwepa kumtaja mkubwa moja kwa moja, kwahiyo anatafuta neno la kuzunguka, linasikika la adabu, kila mtu analidaka, likizoeleka linashuka thamani, mwisho linabaki la kumwitia unayemdharau, na watu wanatafuta jipya. Wamefanya hivyo karne kadhaa, ndo maana viwakilishi vyao ni vingi hivyo na vingi vimechoka.

Alafu kuna kinachowadanganya watu zaidi, lugha ya mzee. Mzee yeyote wa kwenye anime, awe profesa, awe mchawi wa msituni, atasema washi kwa "mimi" na atamaliza sentensi na ja. Ukienda Tokyo leo wazee hawaongei hivyo, wanaongea kama watu wengine wa Tokyo. Profesa wa isimu Kinsui Satoshi, aliyeutolea kitabu mwaka 2003, aliupa huu mchezo jina, yakuwarigo, lugha ya uhusika, yaani usemi ambao ukiusikia tu unajua huyu ni mzee, huyu ni samurai, huyu ni binti wa tajiri, hata kama hakuna binadamu anayeongea hivyo. Kwa maelezo yake, ja na washi ni usemi wa magharibi, Kyoto na Osaka huko, ambao mwanzoni ndo ulikuwa wa kisomi hata Edo, yaani Tokyo ya zamani. Vijana wa Edo wakaja na usemi wao, wazee wasomi na waganga wakabaki na ule wa magharibi, wachekeshaji wa jukwaani na waandishi wakaudaka kama alama ya uzee, na alama ikaishi kuliko wazee wenyewe. Ila nenda Hiroshima au Okayama utakuta watu wanasema ja mtaani mchana kweupe na sio maigizo, ni lahaja yao. Kwahiyo ukimwambia mtu wa Hiroshima anaongea Kijapani cha kale utakuwa umemkosea adabu.

Na wale waheshimiwa wa jumbani kwenye anime, wanaosema maro kwa "mimi" na de ojaru mwishoni mwa sentensi? Ojaru ilikuja karne kadhaa baada ya Heian. Murasaki Shikibu angeisikia angeuliza huyu katokea wapi.

Fungu la tatu halihitaji maneno mengi. Shigo ni kama naui, iliyotoka kwenye "now" ya Kiingereza, ikawa ndo sifa ya kuwa wa kisasa miaka ya 1970, leo ukiisema vijana wanakuangalia kwa huruma. Abekku ilikuwa wapenzi wawili, kutoka Kifaransa. Chokki ilikuwa kizibao. Hayo hayamo kwenye somo la kobun, ni ya bibi na babu walio hai.

Kilichonivutia mimi kuliko vyote ni mabaki ambayo mtu anayatumia bila kujua ameshika kitu cha kale. Kabati la viatu pale mlangoni linaitwa getabako, sanduku la geta, vile viatu vya mbao, wakati ndani kuna raba tupu. Mfuko wa kalamu wa mwanafunzi ni fudebako, sanduku la brashi. Vitafunio vya mchana vya watoto vinaitwa oyatsu, kutoka yattsu, nane. Enzi ya Edo waligawa mchana vipande sita na usiku vipande sita, alafu wakawa wanahesabu kurudi nyuma, tisa adhuhuri, kisha nane, saba, sita magharibi. Hiyo nane ilikuwa inaangukia mitaa ya saa nane mchana kwa saa zetu za Kiswahili, na huo ndo ulikuwa muda wa kutia kitu tumboni. Wamefika nane kwa njia tofauti kabisa na yetu, wao wanashuka sisi tunapanda, tumekutana hapohapo. Saa za kizamani zilifutwa 1873, jina la vitafunio likabaki.

Arigatō, yaani asante, nayo inatoka arigatashi, "kilicho vigumu kupatikana". Sei Shōnagon ana orodha nzima ya vitu vya namna hiyo: mkwe wa kiume anayesifiwa na baba mkwe wake, mke wa mtoto anayependwa na mama mkwe, kibano cha fedha kinachong'oa nywele vizuri, mtumishi asiyemsema vibaya bosi wake. Miaka elfu na ushee hiyo, na sidhani kama orodha imepitwa.

Kwa anayesoma Kijapani na anapanga kufanya JLPT, ule mtihani wa kupima Kijapani, usidanganyike kwamba bungo ni ya wapenda historia tu. Ngazi ya juu, N1, imejaa vipande vyake: majiki ya kitu kisichostahili, tari tomo ya "hata kimoja", gotoki ya "mfano wa". Mabango ya kukataza nayo yanapenda bekarazu, "usithubutu". Na methali ndo usiseme. Nasake wa hito no tame narazu inasema wema sio kwa ajili ya mtu mwingine, maana yake ukimtendea mtu wema unajitendea mwenyewe, utakurudia. Kwasababu narazu ni sarufi ya kale, watu wanaielewa kwamba wema haumsaidii mtu, unamdekeza. Idara ya utamaduni ya serikali iliwauliza wananchi kwenye utafiti wake wa mwaka wa 2010, asilimia 45.8 wakajibu maana ya kwanza na asilimia 45.7 wakajibu ya pili.